Kumpisha Yona

Januari ikiingia, duka langu hunuka rangi. Nauza mabati, misumari, saruji na mabomba ya maji, na mwezi huo naongeza masanduku ya bati ya watoto wa bweni, meusi na ya buluu. Nayapanga nje mpaka yanakula nusu ya njia, na hakuna askari wa kaunti anayenigusa. Ukishuka Garsen kwa basi la Lamu au la Malindi ukauliza duka la yule mtu wa Kulesa, utaonyeshwa kwa kidole wala hutaulizwa ni yupi. Kitu hiki sikurithi kwa mtu. Hata darasa la sita sikumaliza, na leo wenye digrii zao wananiamkia kwanza. Lakini ile harufu ya rangi mbichi ikipigwa na jua hunitoa nje nikasimame upande wa upepo. Vijana wangu wa dukani wanadhani ni kifua.

Mwaka huu alikuja mama mmoja na mabinti wawili. Mdogo amechaguliwa kwenda shule ya watoto wenye vipawa. Mama alisema kwa sauti ya kutosha duka zima, nami nikampongeza kama inavyotakiwa. Wakachagua sanduku la buluu. Aliyejitwika kichwani ni yule binti mkubwa; mdogo alitoka mikono mitupu, anarukaruka. Hakuna aliyemuuliza yule mkubwa anasoma wapi. Mimi pia sikumuuliza, na nilikuwa na swali hilo mdomoni kabisa.

Kwetu tulikuwa na sheria moja, na sitasema ni ya Wapokomo wote, maana kila nyumba ina yake. Mdogo hampiti mkubwa. Maembe ya kwanza ya msimu nilionja mimi, kisha Yona, mdogo wangu. Mtumbwini nilikaa nyuma na kafi, yeye mbele. Njiani nilitangulia mimi. Akiwa na haraka alisema, "Nipishe, kaka," nami natoka njiani kabisa, nasimama kwenye majani, anapita, kisha narudi. Ukitoka njiani hujapitwa. Tulifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Sababu yake tuliijua pia. Baba alikuwa na mdogo wake, hodari kuliko yeye. Babu akampa yule mdogo shamba la kona ya mto, lile ambalo mafuriko hulitandazia tope jeusi kila mwaka, kabla baba hajapewa lake. Msimu huohuo baba mdogo alishuka mtoni kufungua mtumbwi, mamba akamchukua. Kilichorudi ni kofia. Tangu siku hiyo shamba lile liliachwa likamea matete, na baba hakutaka kusikia habari ya mtoto kumpita mwenzake, hata kwa kijiko cha uji. Mimi jina langu hakuwa akiliita. Aliniita Mkubwa.

Shule yetu ilikuwa ya udongo na makuti, na ukuta baina ya darasa na darasa ulimfikia mtu mzima kifuani. Ukikaa la sita unasikia la nne wakiimba hesabu zao. Siku moja mwalimu wa hesabu, kijana wa bara mwenye suruali ya pasi kali, alituuliza swali la tangi linalojazwa maji huku linavuja. Tukanyamaza kama tumefiwa. Jibu likatoka upande wa pili wa ukuta, kwa sauti nyembamba. Mwalimu akarudia swali kwa namba nyingine. Sauti ikajibu tena. Alipochungulia juu ya ukuta, wenzangu walishaanza kunitania.

"Mkubwa, mdogo wako anakuitia jibu, pokea."

Nikacheka nao. Mpaka leo mimi si mtu wa kununa. Lakini wiki haikuisha Yona akaletwa darasa la sita, akawekwa kwenye dawati langu, maana ndiko kulikokuwa na nafasi na mwalimu aliona ni vizuri akae na kaka yake. Miguu yake haikufika chini. Alininong'oneza, "Kaka, nimekuja," kana kwamba sikumwona.

Sasa sikilizeni, nyinyi mliokua mkijua kwamba shule ni shule na mto ni mto. Mimi kichwani mwangu vilikuwa kitu kimoja. Kila Yona akijibu swali nililoshindwa, nilimwona baba mdogo anashuka kufungua mtumbwi. Wenzangu walidhani nina wivu. Wivu ungekuwa nafuu. Nilimkataza Yona kuteka maji. Nikawa nateka mimi, ndoo zote, na kabla ya kushuka natupa mawe mtoni mpaka mama akauliza nani amenituma kuujaza mto. Jioni watoto wakienda kuoga, nilimwogesha mdogo wangu nyuma ya jiko kwa kopo kama mtoto wa kunyonya. Alilia kwa aibu. Nilimwambia anyamaze.

Darasani nilimfinya paja chini ya dawati.

"Kosea," nikamwambia.

"Nikosee nini?"

"Chochote. Usinipite."

Yona alinielewa upesi. Hakuna mtu aliyehitaji kumwelezea sheria ya nyumbani. Akaanza kukosea, nami nikaanza kupata usingizi. Lakini mtoto yule hata kukosea hakujua kukosea kama watu. Kila jibu lake lilizidi moja. Ikiwa ni arobaini anaandika arobaini na moja, ikiwa ni mia anaandika mia na moja, ukurasa mzima. Mwalimu alilitazama daftari lile muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Jumamosi akampandisha Yona basi la Malindi kwenda kupimwa na watu waliokuwa wakitafuta watoto wa akili nyingi, na mimi sikuwepo huko kumfinya.

Mwalimu alikuja nyumbani na majibu siku ya Ijumaa, jua likizama. Baba akamkaribisha mkekani, mama akaandaa wali na kambare wa kukaushwa, bibi akasogeza kigoda chake karibu asipitwe na kitu. Mimi na Yona tulikaa nyuma ya nyumba tukisikiliza kwenye ufa wa ukuta. Mwalimu alisema kuna shule mbali kupita Mombasa, ya watoto kama huyu tu. Chakula, vitabu, malazi, vyote vinalipwa. Shida ni moja: asipofika Jumatatu, nafasi anapewa mwingine.

Baba alikula mpaka akamaliza. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Hapana, mwalimu. Ana kaka yake mbele."

"Kaka yake atafuata njia yake, mzee. Hii ni shule, si mto."

"Wewe umezaliwa mlimani," baba akasema. "Kwenu mtoto akitangulia anajikwaa. Kwetu akitangulia haonekani tena. Mchukue mkubwa, na mdogo atafuata."

Mwalimu akajaribu kueleza kwamba mkubwa hakuitwa. Alitafuta maneno mazuri ya kusema kwamba mimi ni mtoto wa kawaida, akayakosa, akayasema mabaya. Yona alinishika mkono pale gizani, na kiganja chake kilikuwa kimelowa. Mimi nilikuwa nafurahi. Haendi. Ataishi.

Kisha mama akaita kwamba kuku hawajafungiwa, nikaenda kuwafungia. Kuku wetu walikuwa na ubishi wa kupanda mti, ikanichukua muda. Niliporudi Yona alikuwa amekaa palepale, amekumbatia magoti, na ndani bibi alikuwa anamaliza kusema jambo fulani. Mama aliitikia kwa hasira, na sauti yake niliisikia vizuri.

"Mnachimba shimo hapa ili mfukie la kule," alisema. "Na hili la hapa atalifukia nani?"

Nikamuuliza Yona wanazungumza nini. Akasema hajui.

Jumapili baada ya kanisa baba aliniita mbele ya wazee wa ukoo. Bibi aliniombea kwa muda mrefu, kisha akanivuta karibu. "Njoo, mume wangu," akasema, ndivyo alivyozoea kuniita, "leo umekuwa mtu." Baba akanikabidhi jembe lenye mpini mpya na kuniambia kuanzia kesho shamba la kona ya mto ni langu. Lilelile. Matete yameshakatwa, nitalima ndizi na mpunga, na shule nimeshatoka, sina haja nayo. Kisha akasema Yona naye ataondoka kesho na mwalimu, aende ile shule ya mbali. Mchana ule nilikula na wanaume kwenye sinia yao, nikasukumiwa nyama ya kifua. Yona alikula na wanawake.

Nilidhani nimefaulu. Sijui niwaambieje mnielewe. Nilidhani kulikuwa na mtihani mwingine, wa watu wazima, ambao hatukuandika kwenye karatasi, na mimi ndiye niliyeshinda. Yona anapelekwa kukaa na watoto wenzake. Mimi nimepewa ardhi. Sheria haikuvunjwa, kwa hiyo mamba hana kazi. Usiku sikulala kwa fahari.

Alfajiri ya Jumatatu Yona aliondoka na baba na mwalimu. Sanduku lake jeusi lilikuwa limepakwa rangi upya na fundi wa kijijini, halijakauka sawasawa, likamwachia baba michirizi myeusi begani. Lilinuka mpaka kuku wakakimbia. Yona hakuniaga vizuri. Alinitazama, kisha akalifuata sanduku.

Mimi nikachukua jembe langu. Njia ya shambani ilipita kando ya shule, nikaipita polepole ili kila mtu anione. Wenzangu wakachungulia.

"Mkubwa, umefukuzwa?"

"Nimehitimu," nikajibu.

Wakacheka, nami nikawacheka wao, wamekunjwa kwenye madawati kama kuku kwenye tenga. Baadaye mwalimu aliporudi kutoka safari alinikuta nikipita. Alitoka mpaka mlangoni, chaki mkononi, akasimama. Nilimwamkia kwa heshima ya mwanamume kwa mwanamume. Akarudi ndani.

Muhula ule nilifanya kazi ambayo vijana wangu wa leo wangeomba likizo kuisikiliza tu. Nililima kona nzima. Nilijenga dungu la kulindia mpunga nikawinga ndege kutwa, na kiboko alipokuja nilipiga debe mpaka akaona bora aende kwa jirani. Mtoni nilishuka mwenyewe, bila woga, maana nilijua mimi niko salama: sijapita mtu. Watu wakaanza kunisifu. Baba alipita shambani jioni, anaangalia migomba, na hakuwa mtu wa kupita mahali bure.

Likizo ilipofika, Yona akarudi. Kwanza sikumjua. Shingo ilikuwa imekonda, na nywele zimekatwa mpaka kichwa kinaonyesha mifupa. Kijiji kizima kilikuja kumwangalia. Mzee mmoja akamwuliza swali la hesabu ya ng'ombe ili amwone akijibu, kama mtu anayejaribu redio mpya. Yona akasema hajui. Watu wakacheka, wakasema amekuwa mnyenyekevu. Mama peke yake hakucheka. Alimtazama akila, akaona anavyogawa wali sahanini na kuacha wote.

Siku ya pili alinifuata shambani. Nilikuwa juu ya dungu. Nikamwita apande aone mpunga ulivyoshika. Akapanda, akakaa, akatazama mto.

"Kule mimi ndiye wa mwisho," akasema.

Nikadhani ni utani. Nikamwambia wa mwisho wa nini, wa kwenda kulala?

"Wa darasa. Wote wana akili, kaka. Kuna mtoto anasoma vitabu vya baba yake daktari. Wanazungumza Kiingereza usingizini. Mimi nikijibu wanacheka ninavyotamka. Siku hizi sijibu." Alivuta pumzi. "Sirudi. Nimeshaamua. Nikikaa nyumbani, wewe utarudi shule. Dawati ni lako."

"Nirudi shule kufanya nini? Nimeshamaliza."

Hapo ndipo aliponitazama, na mimi nikaanza kuogopa kabla hajasema.

"Kaka, wewe hujui? Hukumaliza. Walikutoa. Bibi alisema mtu hampiti mtu ambaye hayuko njiani. Ukitoka shule, mimi nikienda sijakupita. Ndiyo mama alikuwa akigomba, siku ile ya kuku."

Ndege walitua kwenye mpunga, kundi zima, nikawaacha wale. Nilikumbuka jembe jipya, na ile nyama ya kifua. Nikakumbuka nilivyopita polepole mbele ya shule. Mwili mzima uliniwaka, na kilichoniwaka zaidi ni kwamba hakuna aliyenidanganya. Walifanya mbele ya macho yangu, kwa maombi, kwa upendo, na mimi nikashukuru.

Yona alikuwa analia. Sikumbembeleza. Nilimuuliza kama baba anajua kwamba yeye ni wa mwisho. Akasema hajui, na akijua atakufa.

"Basi asijue," nikasema, nikashuka.

Likizo iliyobaki ilikuwa kama kukaa na kibiriti karibu na makuti. Yona hakusema, mimi sikusema, mama alituangalia sote wawili kwa zamu. Baba alikuwa na furaha mbaya sana. Alisimamishwa njiani akiulizwa habari za mwanawe, naye akajibu kwa sauti ya mtu mwenye shule yake mwenyewe. Kila akifika nyumbani Yona alitoka nje.

Siku ya kurudi, baba aliniambia niende nao Garsen nikabebe sanduku. Tulipanda lori la maembe, tukafika jua limeshachomoza. Waorma walikuwa wanaingiza ng'ombe mnadani, vumbi limesimama hewani, na basi lilikuwa tayari linanguruma. Nikapandisha sanduku kwa utingo. Nilipogeuka, Yona alikuwa ameshika nguzo ya hoteli ya chai kwa mikono yote miwili.

"Sipandi," akasema.

Baba hakuelewa. Akamwambia asilete mchezo, gari linaondoka. Yona akazidi kukumbatia nguzo. Watu wakaanza kutazama, mwenye hoteli akaacha kumimina chai. Dereva akapiga honi. Baba aliinua fimbo yake, nami nikaona haishuki. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu ileile ninayoijua mimi, ya kumwona mtoto akipotea mbele yake, na safari hii hakujua mto uko upande gani.

"Muulize kaka," Yona akasema. "Yeye akisema nibaki, nabaki. Yeye ndiye mkubwa."

Baba akanigeukia. Sijawahi kuangaliwa na baba namna ile, wala kabla wala baada. Neno moja tu lilitosha. Ningesema abaki, angebaki, na ningedai dawati langu palepale mbele ya ng'ombe na watu. Lilikuwa langu. Nililitaka kuliko nilivyowahi kulitaka nilipokuwa nimelikalia. Nikamwangalia Yona. Nikaona mtoto ambaye angekaa kando yangu maisha yake yote akiandika arobaini na moja.

Nikamwendea, nikamtoa vidole kwenye nguzo, kimoja kimoja.

"Panda gari, Yona."

"Mimi ni wa mwisho, kaka."

"Nenda ukawe wa pili kutoka mwisho. Mengine tutazungumza ukirudi."

Alicheka kidogo huku kamasi zinamtoka, akapanda. Leo anachora madaraja, na moja nimelivuka kwa lori langu mwenyewe likiwa na saruji yangu mwenyewe, kwa hiyo asinisimulie mtu kuhusu akili. Asubuhi ile nilichokiona ni kisogo chake tu dirishani, kisha vumbi.

Baba alinishika bega. Alisema nimefanya vizuri, Mkubwa, sasa twende, mpunga una ndege. Nikamwambia atangulie.

"Unabaki kufanya nini?"

"Nimempisha mmoja, baba. Inatosha."

Alisimama. Nilijua amenielewa, maana hakuuliza nani aliyeniambia. Mkono ukashuka kutoka begani polepole. Ng'ambo ya barabara Msomali mmoja alikuwa anashusha magunia ya sukari na mpagazi wake hakuja. Nikavuka, nikainama, nikaliweka gunia la kwanza mgongoni bila kuulizwa. Lilinikaba pumzi. Nilipolitua kwenye stoo yake nikatoka, baba alikuwa bado palepale, fimbo mkononi, watu wanampita kulia na kushoto. Alikuja mjini na watoto wawili. Nikarudi kuchukua gunia la pili, na nilipotoka tena stoo alikuwa ameshaanza kwenda, peke yake, upande wa nyumbani.